Kabla Hujaenda kwa Msajili: Mwongozo kwa Mkatoliki Anayetaka Kuanzisha Chama cha Siasa

Chama cha Wakatoliki hakisajiliki Tanzania. Nalitanguliza hilo kwa sababu nimewaona watu wazima, wenye nia safi, wakikaa vikao mwaka mzima wakibishana juu ya rangi za bendera na mahali pa kuchora msalaba, kumbe Katiba ya Jamhuri ya Muungano ilishawajibu zamani. Ibara ya 20 inakataza kuandikisha chama ambacho katiba au sera yake inalenga kupigania maslahi ya imani au kundi lolote la dini. Kenya nako hali ni hiyohiyo: ibara ya 91 ya Katiba ya mwaka 2010 hairuhusu chama kujengwa juu ya dini, na hata kabla ya hapo, mwaka 1992, Islamic Party of Kenya iliyokuwa na mizizi Mombasa ilinyimwa usajili.

Kwa hiyo, kama unachotafuta ni chombo cha kuwatetea Wakatoliki kama kundi, weka kalamu chini urudi kwenye halmashauri ya walei, huko kazi ipo tele. Lakini kama umeyasoma Mafundisho Jamii ya Kanisa, ukaona humo namna ya kuendesha nchi inayomfaa hata asiyebatizwa, endelea nami. Chama cha namna hiyo sheria inakiruhusu, Kanisa halikikatazi, na mimi naamini nchi inakihitaji.

Jina, na orodha ya waasisi

Kanisa lenyewe halitaki uliazime jina lake. Kanuni ya 216 na ya 300 za Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinasema shughuli au chama cha waamini kisijiite "Katoliki" pasipo ridhaa ya mamlaka ya Kanisa inayohusika. Usiiombe ridhaa hiyo kwa ajili ya chama cha siasa. Ukiiomba utamweka askofu mahali pabaya, na akikukatalia utaanza safari ukiwa na kinyongo na mchungaji wako.

Padre Luigi Sturzo wa Sicily alilielewa jambo hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Tarehe 18 Januari 1919 alitangaza kuzaliwa kwa Partito Popolare Italiano, yaani Chama cha Watu cha Italia. Wapo waliotaka neno "Katoliki" liwemo. Alikataa kwa hoja ambayo hadi leo sijaona wa kuipangua: ukatoliki ni wa wote, chama ni cha baadhi, dini hukusanya, siasa hugawa. Wito wake wa siku ile aliuelekeza kwa watu wote walio huru na wenye nguvu. Novemba ya mwaka huohuo chama kilipata viti 100 bungeni na takriban moja ya tano ya kura zote.

Lakini kuliacha jina hakutoshi, na ushahidi uko jirani. Mwaka 1954 Uganda ilipata Democratic Party. Jina halikutaja dini, na kaulimbiu yake, Ukweli na Haki, yeyote angeweza kuitamka. Malalamiko yaliyokizaa chama nayo yalikuwa ya kweli, kwani tangu vita vya Mengo vya mwaka 1892 vyeo vya Buganda viligawanywa kwa dini, na ukatikiro, yaani uwaziri mkuu wa Buganda, ukawa wa Waprotestanti. Hata mwaka 1955, chama kikiwa tayari kipo, Matayo Mugwanya, Mkatoliki mwenye uzoefu mkubwa, aliukosa ukatikiro kwa kura chache sana. Tatizo lilikuwa orodha ya waasisi: karibu wote walikuwa wa sakramenti moja. Watu hawakuhitaji kusoma katiba ya chama. Walizichukua herufi mbili za jina lake wakazifasiri upya: DP, Dini ya Papa.

Benedicto Kiwanuka, mwanasheria aliyeshika uongozi mwaka 1958, alijitahidi kukifungua chama kwa watu wa dini zote. Kilishinda uchaguzi wa mwaka 1961 na yeye akawa waziri mkuu wa kwanza wa nchi ile. Mwaka uliofuata vyama vya UPC na Kabaka Yekka viliungana vikamshinda. Miaka kumi baadaye, akiwa Jaji Mkuu, askari wa Idi Amin walimkamata mahakamani, akauawa. Namtaja kwa heshima, maana aliyafia yale ambayo kaulimbiu ya chama chake iliyatamka. Hata hivyo lile jina la utani lilimtangulia kila alikokwenda kuomba kura.

Mwaka uleule wa 1954, tarehe 7 Julai, TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Rais wake alikuwa mwalimu katika shule ya Wakatoliki ya Pugu, mtu wa misa za asubuhi. Waliokuwa naye ni akina Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz na John Rupia, na haukupita muda Bibi Titi Mohamed akawa anawaita wanawake wa mjini mtaa kwa mtaa. Imani ya Julius Nyerere haikufichwa, kila mtu aliijua. Ila orodha ile haikumpa mtu nafasi ya kuipachika TANU dini.

Kazi yako ya kwanza, basi, ni hiyo orodha. Kama ni watu kumi, na umeshindwa kupata wanne wasio Wakatoliki, usiendelee. Jiulize ni kitu gani katika maneno yako kinawafukuza. Ukiwapata, usiwafanye pambo la picha ya pamoja. Mpe mmoja kazi ya kuandika rasimu ya katiba, mwingine hazina. Halafu uyatazame mambo madogo yanayosema kwa sauti kubwa: bendera ya njano na nyeupe itasomwa kuwa ya Vatikani, ufunguo utasomwa kuwa wa Petro, na wimbo wa chama wenye mahadhi ya kwaya ya parokia utamweleza msikilizaji zaidi ya unavyodhani. Vikao vya mwanzo visifanyike ukumbi wa parokia, hata kama ni wa bure. Kodi ya ukumbi wa kata ni gharama ndogo ukilinganisha.

Kuyageuza mafundisho kuwa sera

Hapa ndipo nakuomba utumie miezi mingi zaidi kuliko unavyotamani. Vyama vingi huandika sera kwa wiki mbili kwa kunakili ya jirani. Wewe una hazina ya zaidi ya miaka 130, tangu Papa Leo XIII alipotoa Rerum Novarum tarehe 15 Mei 1891 juu ya hali ya wafanyakazi. Soma hiyo, kisha Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, Pacem in Terris ya 1963, Populorum Progressio ya 1967, Laborem Exercens ya 1981, Laudato Si' ya 2015. Kama muda ni mfupi, anza na Muhtasari wa Mafundisho Jamii ya Kanisa uliotolewa mwaka 2004, ambao umeyapanga yote mahali pamoja. Msome kwa kikundi, na asiwepo padre wa kuwafafanulia kila mstari. Bungeni hatakuwepo.

Mtakutana na nguzo nne: utu wa binadamu, mafao ya wengi, mshikamano, na kanuni auni. Tatu za kwanza kila mwanasiasa huzitaja jukwaani, hivyo sitakaa nazo sana. Ya nne ndiyo itakayokitofautisha chama chako, na ndiyo isiyoeleweka.

Kanuni auni inasema hivi: lile ambalo familia, kijiji au chama cha msingi cha wakulima kinaweza kulitenda chenyewe, ngazi ya juu isikinyang'anye, na kikishindwa, ngazi ya juu ikiinue, isikimeze. Sisi Watanzania tumelipia gharama ya kuisahau. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, vikiwemo vya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na wa pamba wa kanda ya Ziwa, kazi zake zikakabidhiwa mamlaka za serikali. Sheria za mwaka 1982 zilivirudisha vyote viwili, lakini mti uliokatwa shina haurudi na kivuli chake kesho yake. Walioamua hayo walikuwa na nia njema, na aliyewaongoza alikuwa Mkatoliki wa kweli ambaye jimbo la Musoma limefungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Nalisema hili nikimpenda Mwalimu: imani ya kiongozi haiwi sera kwa kuwa tu imo moyoni mwake. Ni lazima iandikwe, ijadiliwe, ibanwe kwenye vifungu.

Andika basi vifungu. Mapato gani yabaki kijijini? Nani aamue mahali pa kuchimba kisima? Kamati ya shule iwe na sauti gani juu ya mwalimu asiyefika kazini? Chama cha ushirika kimchague meneja wake chenyewe au kiletewe? Ukiweza kujibu maswali hayo kwa sentensi ambazo katekista wa kigangoni na mwenyekiti wa kitongoji wanazielewa sawasawa, una sera.

Juu ya uhai, uwe mkamilifu au unyamaze. Wanaoanzisha vyama vya aina hii hupenda kusimama kwenye utoaji mimba peke yake. Mtoto aliye tumboni anastahili mtetezi, nami sina shaka juu ya hilo. Lakini mama yake anayebebwa usiku kwa bodaboda kwenda zahanati isiyo na mkunga ni sehemu ya fundisho lilelile, na mtu mwenye ualbino anayewindwa, na mzee wa Usukumani anayeitwa mchawi kwa sababu macho yake ni mekundu. Na kuna jambo ambalo litakupima kuliko yote: adhabu ya kifo. Tanzania haijamnyonga mtu tangu mwaka 1994, lakini sheria ipo na mahakama zinaendelea kuhukumu. Mwaka 2018 Papa Fransisko alibadili namba 2267 ya Katekisimu, ikasema adhabu hiyo haikubaliki. Wapiga kura wengi hawatapenda kusikia hivyo, na wanachama wako wengi pia. Lijadilini kabla ya kusajili, si siku mwandishi wa habari atakapouliza.

Kuhusu kazi na ujira, anza nyumbani kwako. Huwezi kutangaza ujira wa haki huku dada wa kazi anayekupikia analipwa kwa ahadi. Waambie waasisi wenzako wote wawape wafanyakazi wao wa nyumbani mkataba na mapumziko ya wiki kabla ya mkutano wa kwanza. Atakayeona hilo ni dogo, mshukuru kwa muda wake mwachane.

Neno moja juu ya lugha ya katiba ya chama. Usinukuu waraka wa Papa humo, wala aya ya Biblia. Msajili atakuwa na sababu ya kukurudisha, lakini kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Mafundisho Jamii hudai kwamba yanasimama kwenye akili ya kawaida ya mwanadamu, kwamba mtu yeyote mwenye nia njema anaweza kuyafikia. Kama ndivyo, toa hoja zinazosimama kwa miguu yake. Kifungu kinachohitaji mamlaka ya Roma ili kieleweke bado hakijaiva. Kisome mbele ya Mwislamu, mbele ya Mlutheri, mbele ya kijana asiyesali popote. Wakikwama wote watatu mahali pamoja, kosa ni lako.

Askofu, paroko na mimbari

Nenda kamsalimu askofu wako. Mweleze unachofanya kama mwana anavyomweleza baba jambo ambalo ameshaamua kulifanya, kwa adabu na bila kuomba baraka ya maandishi. Kanuni ya 227 inawapa walei uhuru katika mambo ya dunia, na papo hapo inawaonya wasitoe maoni yao kana kwamba ni mafundisho ya Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishasema hivyo katika Gaudium et Spes: Wakatoliki wawili waaminifu wanaweza kuhitilafiana juu ya sera, na hakuna kati yao anayeruhusiwa kujifungia mamlaka ya Kanisa upande wake. Kwa hiyo usimwambie mtu hata siku moja kwamba Mkatoliki mwema lazima akupigie wewe. Katika jumuiya yako ndogondogo wamo wanachama wa CCM, wa CHADEMA, wa ACT-Wazalendo. Jumamosi mtasali nao rozari.

Usiwaingize mapadre. Kanuni ya 285 inawakataza kushika vyeo vya dola na ya 287 inawazuia kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa. Padre anayekupenda atakaa mbali nawe hadharani. Usiombe tangazo la chama baada ya misa, usigawe kadi mlangoni mwa kanisa, usitumie orodha ya simu ya akina mama wa WAWATA wala ya vijana wa VIWAWA. Mara moja nilikuwa kwenye kikao cha walei ambapo mjumbe alipendekeza mgombea mmoja apewe dakika mbili tu za kusalimia waamini. Paroko wetu alijibu kwamba dakika mbili zile zingemgharimu miaka ishirini ya kuaminiwa na waliobaki. Kikao kikaendelea na ajenda ya paa.

Na Kanisa likikuelekeza siasani, itakuwaje? Jibu lilitolewa Ujerumani. Chama cha Zentrum, kilichoanzishwa mwaka 1870, kiliwatetea Wakatoliki wakati Kansela Bismarck alipowabana kwa sheria zake. Mwaka 1887 Bismarck alitaka bajeti ya jeshi ya miaka saba, na Roma, kwa hesabu zake za kidiplomasia, ikapenda Zentrum imuunge mkono. Kiongozi wa chama, Ludwig Windthorst, mtu mfupi aliyekuwa karibu kipofu, alikataa. Katika imani alimtii Papa. Katika bajeti ya jeshi aliwajibika kwa waliomchagua. Kisa hiki kifundishwe kwa kila mwanachama mpya.

Kinyume chake kipo Rwanda. Askofu mkuu wa Kigali alikaa miaka mingi kwenye kamati kuu ya MRND, chama tawala, hadi Roma ilipomtaka ajitoe. Kanisa lililokuwa ndani ya chumba cha maamuzi lilikosa sauti ya kukemea lilipohitajika kuliko wakati wowote, yaani kwenye mauaji ya kimbari. Nchi ile bado inalilia hilo, na sisi majirani tusilipite haraka.

Jiandae pia kwa maswali ya ndugu zetu Waislamu, na uyapokee kama maswali ya haki. Watakuuliza juu ya Hati ya Makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa kuhusu huduma za elimu na afya. Watakukumbusha Waraka wa Wakatoliki wa mwaka 2009 kuelekea uchaguzi, uliozua mjadala mkali, na baadaye kundi la maimamu likatoa mwongozo wake. Soma nyaraka hizo kabla hujaulizwa. Kisha sema wazi msimamo wa chama: huduma inayolipiwa na kodi ni ya mlipa kodi yeyote, na mkataba wowote wa serikali na taasisi ya dini uwe wazi kwa wananchi wote. Ukisitasita hapo, hutafika Pemba.

Mtihani wa Pemba

Sasa usajili wenyewe. Tanzania Bara na Zanzibar, sheria ni moja: Sheria ya Vyama vya Siasa, namba 5 ya mwaka 1992, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019. Chukua nakala mpya Ofisi ya Msajili, usitegemee ya rafiki. Hatua ni mbili. Kwanza usajili wa muda, unaoombwa na waasisi wakiwa na katiba ya chama na jina lisilofanana na la chama kingine. Cheti chake hudumu siku 180. Ndani ya siku hizo unaruhusiwa kufanya mikutano kutafuta wanachama, ukimpa mkuu wa polisi wa eneo taarifa saa 48 kabla, lakini huruhusiwi kusimamisha mgombea. Siku zikiisha kabla hujaomba usajili wa kudumu, cheti kinakufa.

Siku 180 ni chache mno. Kwa hiyo kazi ya kuwatafuta watu ianze kabla ya cheti, kimyakimya, kwa mazungumzo. Sheria ya mwaka 1992 ilidai wanachama wasiopungua 200 wenye sifa ya kupiga kura kutoka kila mkoa, katika mikoa isiyopungua kumi, miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar: mmoja Unguja, mmoja Pemba. Angalia idadi ya mikoa katika nakala mpya. Sharti la Unguja na Pemba ndilo ninalotaka ulitafakari. Uongozi wa kitaifa nao lazima utoke pande zote mbili za Muungano. (Kwa msomaji wa Kenya: sheria yenu ya mwaka 2011 inataka wapiga kura 1,000 kutoka kila kaunti katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Ndiyo kusema kaunti zenye Waislamu wengi kama Garissa na Kwale zinaweza kukuhusu.)

Watu mia mbili wa Pemba. Kisiwa ambacho karibu kila mtu ni Mwislamu, na kanisa ni la kuulizia njia. Waasisi wengi hulitazama sharti hili kama kikwazo, wakamtuma mtu na bahasha akanunue majina. Maofisa wa Msajili huja kuhakiki mkoani, na majina yaliyonunuliwa hayaitikii yakiitwa. Nenda mwenyewe. Kaa Wete wiki mbili, wakati wa msimu wa karafuu ukiweza, uone majamvi yameanikwa kando ya barabara. Karafuu ile mkulima humwuzia mnunuzi mmoja tu anayeruhusiwa, shirika la serikali la ZSTC. Mwulize anaonaje. Msikilize kwanza siku kadhaa. Kisha mweleze, bila neno hata moja la kanisani, wazo kwamba wenye mikarafuu waliojiunga pamoja wangeweza kuwa na sauti katika bei na daraja la zao lao, na serikali ikawa msaidizi wao. Hiyo ni kanuni auni, na mzee wa Wete huenda akaielewa haraka kuliko daktari wa teolojia, kwa sababu anaiishi kwa upungufu wake.

Akikuuliza wewe ni wa dini gani, mjibu. Akikuuliza chama chako ni cha dini gani, mpe katiba asome.

Fedha

Chama kipya hakipati ruzuku, kwani ruzuku hufuata kura, wabunge na madiwani. Utaishi kwa ada za wanachama na michango, na hapo ndipo vyama vingi huuzwa kabla havijapata hata diwani. Weka kiwango cha juu cha mchango wa mtu mmoja ndani ya katiba yenu. Hesabu zenu zitakaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kwa mujibu wa sheria. Ninyi zitangazeni pia kila robo mwaka kwenye ubao wa ofisi ya tawi, kama parokia nyingi zinavyosoma mapato ya sadaka. Huo ni utamaduni mmoja wa kanisani ambao nakuruhusu uuhamishe wote.

Takrima isiingie kwa jina lolote. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vilivyoihalalisha, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 imeweka mipaka, lakini khanga, chumvi na nauli bado vinajua njia. Katika mazingira yetu hatari yako ya pekee ni harambee. Utaalikwa kuwa mgeni rasmi kwenye ujenzi wa kanisa, utashangiliwa, utatajiwa kiasi alichotoa mgombea mwenzako. Toa zaka yako kwa bahasha kama kawaida, na mialiko ya mgeni rasmi uikatae yote, ya kanisa na ya msikiti, tangu siku unayojaza fomu.

Demokrasia ya Kikristo ya Italia, iliyochukua nafasi ya chama cha Sturzo, iliongoza nchi karibu miaka hamsini. Ilikuwa na watakatifu watarajiwa ndani yake, Alcide De Gasperi akiwa mmoja wao. Mwaka 1992 mahakimu wa Milan walianza kufuatilia hongo za zabuni, na Januari 1994 chama kikafutwa jina. Kilivumilia Vita Baridi na Wakomunisti wenye nguvu kuliko wote Ulaya Magharibi. Daftari la hongo hakikulivumilia.

Anzia kitongojini

Usigombee urais. Najua sheria inaruhusu, na runinga itakutafuta, lakini Sturzo alikuwa kaimu meya wa mji wake mdogo wa Caltagirone kwa zaidi ya miaka kumi kabla hajatangaza chama. Alijifunza bajeti, maji taka, umeme na mikopo ya wakulima. Sisi tuna uchaguzi wa vitongoji, vijiji na mitaa unaotangulia Uchaguzi Mkuu kwa mwaka mmoja. Chagua vijiji visivyozidi hamsini katika mikoa miwili mitatu, simamisha watu wanaojulikana kwa kurudisha chenji, na uwaache waongoze. Mwenyekiti mmoja wa kijiji anayesoma mapato na matumizi mbele ya mkutano kila baada ya miezi mitatu atakutangazia sera kuliko mabango ya mkoa mzima. Na mkishindwa kwa haki, mpongezeni mshindi usiku uleule. Mkishindwa kwa hila, pingeni kwa mawakili na mashahidi, pasipo jiwe hata moja.

Ndani ya chama, weka ukomo wa uongozi na uchaguzi wa kura ya siri tangu mwanzo, na wewe mwasisi uwe wa kwanza kuondoka muda ukifika. Katiba ya nchi inadai uongozi wa chama uchaguliwe kwa vipindi na kwa demokrasia. Wengi hulitimiza hilo kwenye karatasi.

Barua moja

Limebaki jambo la kufanya kabla ya kujaza fomu ya usajili wa muda. Kama wewe ni mwenyekiti wa jumuiya, mjumbe wa halmashauri ya walei, mweka hazina wa kwaya au kiongozi wa umoja wa wanaume, UWAKA, jiuzulu. Sheria za Kanisa kwa jumla hazikulazimishi, ingawa majimbo yanaweza kuwa na utaratibu wake. Nakushauri kwa ajili ya wale utakaowaacha nyuma, ili Jumapili pasiwepo mtu anayesikiliza matangazo huku akihesabu kura zako. Nyerere alitakiwa achague kati ya ualimu wa Pugu na siasa, na mwaka 1955 aliandika barua akaacha shule aliyoipenda, akiwa na familia ya kulisha.

Iandike yako kwa mkono. Nakala moja kwa paroko, nyingine kwa katibu wa halmashauri. Kabidhi daftari, mhuri na funguo mbele ya mashahidi wawili. Jumapili inayofuata usiende kukaa viti vya mbele ulivyozoea. Kaa nyuma, karibu na mlango, pamoja na wanaochelewa, uwasalimie wote wakati wa kutakiana amani, usimwambie mtu kitu.